Masikio ya askari wa zimamoto: somo liwafuate kwenye simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie masikio ya askari wa zimamoto. Nimeendesha gari la zimamoto miaka 24, katika mikoa mitatu, na sasa nimestaafu.

Juzi sokoni nilinunua fungu la changu. Muuzaji akataja bei, nikasikia elfu tisa, kumbe kasema elfu sita. Nikampa tisa, akanirudishia tatu, akanitazama kwa huruma. Herufi kama "s" na "f" ndizo zilizotangulia kunitoka, na sauti ya mjukuu wangu ikafuata. Sikio la kulia ndilo bovu zaidi. Dereva hukaa kulia, dirisha liko wazi kwa joto, na king'ora kiko juu ya paa. Usiku nyumba ikitulia sikio hilo linalia kama nyenje hadi alfajiri.

Watu hudhani ni moto unaotuumiza. Moto hauji kila siku, kelele huja. Kila asubuhi tukikabidhiana zamu tulijaribu king'ora, pampu na jenereta ndani ya banda, kuta zikiturudishia sauti, nasi tumesimama palepale. Ghala la mkonge likiungua ndiyo kabisa: marobota hufuka moshi kwa ndani, unazima huku linawaka kule, na mtu wa pampu anakaa ubavuni mwa injini inayonguruma kutwa nzima. Vizibo vya masikio vilikuwepo kabatini. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kuvivaa, kwa hiyo tulivichomeka nusu, vikadondoka, tukaviacha.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na kikomo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. King'ora kwa karibu hupita 110, ambapo hata dakika mbili ni nyingi. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Ndiyo maana nimefurahi kusikia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitengeneza mafunzo ya intaneti ya kuwahimiza askari wa zimamoto walinde masikio yao. Jambo hili linatufaa sana. Askari wetu wametawanyika mikoani na hawawezi kuacha vituo wote wakakae darasani, lakini karibu kila kijana wa zamu ana simu mkononi akisubiri kengele. Somo la dakika ishirini, kwa Kiswahili, lenye video, linamtosha. Aone kidole kikisokota kizibo cha sponji mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili ukipita nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, kizibo kikiingia, kikishikiliwa mpaka kivimbe. Ni ufundi mdogo, lakini usipoonyeshwa huujui.

Najua swali litakalokuja, maana na mimi nililiuliza: nitaisikiaje redio? Somo lijibu bila kuzungukazunguka. Kwenye gari king'ora kikilia, vinafaa vile vifunika masikio vyenye redio ndani yake. Kwenye pampu, kwenye jenereta, kwenye msumeno na wakati wa kujaribu vifaa asubuhi, vaa. Ukiingia ndani ya jengo linaloungua usivae vizibo vya sponji, maana huko unahitaji kumsikia mwenzako na king'ora cha hatari alichovaa. Na wakubwa wa zamu walisome pia, wavae mbele ya vijana. Mimi ningevaa kama ningemwona sajini wangu amevaa.

Naliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lianze na askari wapya. Wasome kabla hawajapanda gari mara ya kwanza, wapimwe masikio, na karatasi ibaki kwenye faili, kisha wapimwe kila mwaka. Mimi nilipimwa mara ya kwanza mwaka niliostaafu. Daktari akaniuliza kama nina kipimo cha zamani alinganishe, nikamwambia sina.

Dereva mstaafu wa zimamoto,
Tanga