Kabla Hujaweka Kisawe, Tazama Neno Limeandamana na Nani

Kazi nyingi zinazotufikia sisi wahariri hapa Ganjoni, Mombasa, zina tahajia safi kabisa. Tatizo ni maneno yaliyobadilishwa. Mteja ana barua au tangazo la zamani, anataka lisomeke upya, basi anaiachia programu ya simu iweke kisawe kila mahali. Likitufikia, mshtakiwa ameshakuwa mshukiwa na mkopo umegeuka deni. Mshukiwa anadhaniwa tu. Mshtakiwa ameshafunguliwa mashtaka. Kwenye barua ya wakili, hilo si pambo.

Visawe vya Kiswahili hukutana kwenye maana moja, kisha kila kimoja kikashika njia yake. Funga na komea hukutana mlangoni, lakini hakuna aliyewahi kukomea saumu, ndoa wala safari. Mtoto mtundu atapigwa au atachapwa, sawa. Simu, pasi na picha hupigwa tu. Shuka huwa kuukuu, msikiti huwa mkongwe, babu ni mzee. Mwenye vyumba vya wageni akitangaza "nyumba kuukuu ya Mji wa Kale" asishangae vitanda vikibaki vitupu. Na kuku, tafadhali, hafariki dunia.

Halafu kuna ngeli, na hapa ndipo programu huaibisha watu. "Gari lake jeusi limeuzwa" ni sentensi nzuri. Ondoa gari uweke motokaa, na kila neno linalofuata lazima libadilike: "Motokaa yake nyeusi imeuzwa." Ukiacha viambishi vya zamani unapata "motokaa lake jeusi limeuzwa", na msomaji atajua papo hapo kwamba umebandika.

Kwa wateja wetu wa Mombasa kuna jambo jingine. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano uliofanyika mji huu huu, mwaka 1928, na wapo wazee ambao hawajausamehe uamuzi ule. Shairi la harusi likisema mato na nti, kama isemavyo lahaja ya Mombasa, tunayaacha, tena kwa furaha. Ombi la kazi serikalini litasema macho na nchi. Tunayo Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, mezani, nayo husaidia, ila haikujui wewe wala anayekusomea.

Mikataba ndiyo tunayoigusa kidogo kuliko kazi zote. Aliyeitwa mpangaji kwenye kifungu cha kwanza atabaki mpangaji hadi sahihi ya mwisho, hata kama neno limejirudia mara ishirini na mwalimu wako wa insha angelia. Ukimwita mkaazi katikati, mtu atauliza kama huyo ni mwingine.

Wanafunzi wa vyuo hutuomba tuwabadilishie maneno ya kazi ya mtu ili isitambulike. Hiyo hatuifanyi. Hoja ya mwenzio hubaki yake hata ukiivisha maneno mapya, na jina lake sharti litajwe. Tutakusaidia kuieleza kwa lugha yako, na kuonyesha ulipoitoa.

Ukija, lete andiko la asili pamoja na lile ulilolibadilisha, usilete moja tu. Utuambie pia nani atalisoma: hakimu, mteja wa hoteli au wanachama. Bei huhesabiwa kwa ukurasa, na andiko lililopitishwa kwenye programu mara kadhaa hutozwa zaidi, kwa sababu kulirudisha mahali pake ni kazi kubwa kuliko kuliandika upya.