Kwa Nini Mche Wetu wa Mueri Unauzwa Shilingi 200

Mwezi uliopita mteja mmoja alirudi kitaluni kwetu amekasirika, akidai kwamba tulimpunja tulipomuuzia mche wa mueri (mti wa dawa, Prunus africana) kwa shilingi 200, ilhali unga wa homoni ya mizizi unapatikana katika maduka ya pembejeo na mtu anaweza kujioteshea miche mwenyewe. Alikuwa amekata matawi 60 ya mueri mzee wa babu yake, akayachovya kwenye unga huo hadi yakawa meupe, akayapanda kwenye viriba juani. Yalichipua majani, akafurahi. Kufikia wiki ya sita yote yalikuwa yamekauka.

Malalamiko haya tunayasikia kila msimu, na kinachowadanganya watu ni majani hayo. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichokatwa ili kipandwe, huchipua kwa akiba ya chakula iliyomo ndani yake, hata kikiwa hakina mzizi mmoja. Homoni nayo, ambayo mara nyingi ni IBA (kemikali inayochochea mizizi) iliyochanganywa na unga wa talki, haiwezi kulirudishia ujana wake tawi la mti mzee, ambalo hutoa mizizi kwa shida kuliko chipukizi changa, na ikizidi, kitako cha kipandikizi hugeuka cheusi na kuoza. Ndiyo maana sisi hutumia machipukizi machanga ya visiki tunavyovitunza wenyewe. Huyakata asubuhi, tukapunguza kila jani kwa nusu ili lisipoteze maji mengi bali liendelee kutengeneza chakula, tukachovya ncha ya chini tu na kukung'uta unga uliozidi, kisha tukayachomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, ndani ya kisanduku kilichofunikwa kwa nailoni na kuwekwa kivulini. Yapo yasiyotoa mizizi licha ya uangalifu wote huo, na gharama yake imo katika hizo shilingi 200.

Mlonge ni habari nyingine: tawi lake nene huota bila homoni yoyote, na hatutamuuzia mtu unga kwa ajili yake.

Magome ya mueri hutengenezewa dawa ya tezi dume, na uchunaji umeupunguza sana mti huu porini kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Kwa hiyo mti wa babu hatukutaka upotee. Tulimwomba mteja wetu atuletee matunda yake yakiiva, siku ileile anayoyachuma, kwa maana mbegu za mueri zikikaa na kukauka hufa upesi. Miche itakayoota kutokana na mbegu hizo ndiyo tutakayomkatia vipandikizi.