Barua kwa mwanangu: rafu za trela lako

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo sote hapa Tanga. Picha zako nimezipata na nimezikuza hadi macho yakaniuma. Trela zuri, mama. Futi 6 kwa 10, milango miwili nyuma na kimlango ubavuni kulia. Umesema Jumamosi unakwenda kununua mbao, ili ndoo, dawa za usafi na ile mashine ya kuoshea mazulia viache kugaagaa sakafuni kila ukikata kona. Sawa, ila rafu ya stoo imesimama, hii inatembea. Nisikilize kwanza.

Ukuta usikudanganye. Hiyo plaiwudi ya ndani ni nyembamba, kazi yake kuziba tu. Nyuma yake kuna nguzo za chuma, halafu bati la alumini la nje. Ukikaza skrubu kwenye plaiwudi peke yake itashika leo, lakini barabara itaitikisa mpaka tundu lipanuke. Tazama safu za vichwa vya skrubu zinazoshuka wima ukutani: hapo ndipo chuma kilipo. Usipoziona, pitisha sumaku. Nguzo hizo aghalabu huachana inchi 16 au 24, lakini pima mwenyewe. Nunua skrubu zinazojitobolea chuma, na urefu wake uupigie hesabu: unene wa mbao, wa plaiwudi, na kidogo cha kuuma chuma, basi. Ikizidi, ncha itachungulia nje kwenye alumini na mvua itapata mlango. Kabla ya kutoboa, jua pia nyaya za taa za nyuma zinapita wapi.

Najua utataka kuta zote mbili. Mimi nasema wa kushoto tu. Upana wa ndani haufiki futi 6 kamili. Ukijaza huku na huku, kitabaki kinjia tu katikati, na mashine itakaa wapi? Iache sakafuni upande wa kulia, imefungwa kwa mkanda kwenye pete ya chuma, isawazishe uzito wa rafu. Rafu zenyewe ghorofa mbili zinatosha, kina cha inchi 16, ya chini uinyanyue kiasi cha ndoo kuingia chini yake. Miguu ya mbao za 2 kwa 4 ishuke hadi sakafuni na ifungwe hapo. Mzigo uende sakafuni, ukuta uzuie tu rafu isilale. Mbele ya kila rafu pigilia ubao wa kuzuia, unyanyuke inchi 2 hivi juu ya rafu, la sivyo breki moja tu na chupa zote ziko chini.

Plaiwudi chukua ya nusu inchi. Ya robo tatu inavutia, fundi yeyote anaipenda, lakini karatasi nzima ya futi 4 kwa 8 inakaribia kilo 30, wakati ya nusu inchi ni kama 20. Hapo ndipo watu wanapojisahau. Kibandiko ulichokipiga picha kinasema pauni 2,990, yaani kilo 1,356, na huo ndio ukomo wa uzito wa trela pamoja na kila kilichomo, rafu zikiwamo. Mjomba wako wa Houston anasema viwanda vingi huishia hapo kwa sababu majimbo mengi ya huko Marekani yanadai trela liwe na breki zake lenyewe likifika pauni 3,000. Trela tupu tu ni zaidi ya pauni 1,000. Ukishapakia, lipitishe kwenye mizani ya malori.

Vizito viwe chini, na vingi viwe mbele ya ekseli, ule mtaimbo unaobeba magurudumu. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee pale trela linapoungana na gari. Watu hurundika mizigo nyuma kwa kuwa mlango uko karibu. Matokeo yake kwenye barabara kuu trela linaanza kuyumba, linavuta gari huku na huku, na dereva hana la kufanya ila kuomba Mungu.

Na dawa zako. Jiki ikae chini, ndani ya beseni lake, mbali kabisa na dawa ya choo yenye asidi na chochote chenye amonia. Zikimwagika zikakutana zinatoa gesi inayochoma mapafu, na wewe unafungua mlango asubuhi unaingiza kichwa. Tundu la hewa la darini lisizibwe na chochote.

Kabla msumeno haujagusa mbao, nitumie kimo cha kutoka sakafuni hadi darini, na umbali wa ekseli kutoka mlango wa nyuma. Nitakuchorea. Mama yako anakusalimu. Anauliza lini utatuma picha yako mwenyewe, maana trela tumeshalizoea.

Baba yako