Shukrani za familia kwa wanamieleka, mafundi wa ulingo na mashabiki

Familia inatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa nasi kwa hali na mali tangu kuugua hadi maziko ya baba yetu mpendwa, mwanamieleka na baadaye promota. Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Wengi wenu mlimfahamu kazini, na tunawashukuru kwa kazi hiyo.

Mafundi wa ulingo, shukrani za kwanza ni zenu. Nguzo nne, fremu ya chuma, mbao, sponji, turubai juu yake, kamba tatu kila upande: mashabiki walikuta vyote vimesimama wasijue vimesimamaje. Baba hakufungua milango kabla hajapanda mwenyewe na kukanyaga ubao mmoja mmoja akisikiliza unaocheza, kisha kujitupa kwa mgongo kwenye kamba za pande zote nne. Kamba ikilegea, anayekuja mbio hupitiliza na kudondoka nje. Ikikazwa mno, humrudisha kabla hajajipanga. Na kwa kuwa skrubu za kona hulegea kadiri watu wanavyogonga kamba, aliwataka mkae karibu na spana mkononi na kuzikagua kila pambano linapoisha. Turubai nalo lilivutwa hadi lisibaki na mkunjo, maana mguu ukinasa pale, goti ndilo linaloumia.

Wanamieleka mliofunzwa naye, mlisimama kando ya jeneza kama watoto wake, na ndivyo mlivyokuwa. Verne Gagne, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa AWA, kampuni ya kuandaa mieleka huko Marekani, mwaka 1960, aliwafunza vijana kwenye banda la shamba lake huku naye bado akipigana. Baba aliipenda njia hiyo ya mwanamieleka kuwa mwalimu na promota. Kwake hakuna aliyefundishwa kurusha mtu kabla hajajua kuanguka: kidevu kifuani, pumzi nje, sehemu ya juu ya mgongo ipokee uzito, mikono ipige turubai kwa viganja. Anayejizuia kwa mkono nyuma huvunjika kifundo cha mkono au kiwiko. Tena alisisitiza kwamba anayemwinua mwenzake ndiye mwenye dhamana ya shingo ya mwenzake, hata kama hadithi ya pambano, ambayo hupangwa mapema pamoja na mshindi wake, inawataka wawe maadui.

Waamuzi na madaktari, asanteni. Mwamuzi alipopishanisha mikono juu kufanya alama ya X, yaani mtu ameumia kweli, baba hakuuliza pambano limebakiza nini. Aliyegongwa kichwa hakurudi ulingoni siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa.

Lipo jambo tunalojivunia zaidi. Mwanamieleka akishakuwa promota, kishawishi kikubwa ni kujipangia pambano kuu na mkanda wa ubingwa, na vijana wakakosa pa kupanda. Baba alipoanza kuandaa mapambano alijitoa kwenye pambano kuu. Jina lake lilipotumika, lilitumika kumpa ushindi kijana aliyekuwa tayari. Alipanga orodha kwa makini: la kwanza liwe la kasi ili ukumbi uchangamke, mitindo miwili inayofanana isifuatane, na kabla ya pambano kuu liwekwe jepesi ili watu wapumue. Tiketi hazikutangazwa kabla ukumbi, bima na gari la wagonjwa havijathibitishwa. Malipo alikabidhi usiku uleule, kabla ulingo haujafunguliwa vipande, ukumbi ujae usijae.

Mashabiki mliojaza viti na mliotuma rambirambi, Mwenyezi Mungu awabariki.

Ulingo na vifaa vyake vinabaki mikononi mwa mafundi wake, na mazoezi ya vijana yanaendelea. Daftari la malipo tunalo: yeyote ambaye hajapokea fedha yake ya onyesho la mwisho afike kwa familia, atalipwa kama baba alivyoandika.

Familia ya marehemu