Kanuni za kuelekeza tahadhari za seva zijaribiwe kabla ya kutumika

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie mafundi wenzangu wa Bukavu wanaolinda seva usiku, hasa wanaotumia Alertmanager, programu ya mradi wa Prometheus (mfumo wa kufuatilia hali ya seva), kupeleka tahadhari kwa mtu wa zamu.

Hivi karibuni, mahali ninapofanya kazi, diski ya seva ilijaa saa nne usiku na hakuna aliyejua hadi asubuhi, ingawa tahadhari ilitolewa kwa wakati wake. Faili la usanidi lina matawi, na kila tawi huchagua tahadhari za kupokea kwa kutazama lebo zake, yaani maelezo mafupi kama jina la mji. Aliyeliandika aliweka mji=~"buk", ambapo =~ humaanisha kulinganisha na ruwaza ya herufi, akidhani kwamba herufi tatu zinatosha kukamata "bukavu"; kumbe ruwaza hiyo hulinganishwa na thamani nzima ya lebo, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ilimpasa kuandika "buk.*" (buk na chochote kinachofuata) au, kwa maoni yangu, mji="bukavu" bila ruwaza yoyote. Tahadhari ilipokosa tawi la kuipokea iliangukia kwenye njia ya shina, ambayo hupokea kila kilichobaki, na anwani ya shina ilikuwa barua pepe isiyofunguliwa usiku.

Ninachokihofia zaidi ni alama ya kukanusha, !=, yaani "si sawa na". Mwenye kuandika mji!="goma" hukusudia seva za miji mingine, lakini Alertmanager huihesabu lebo isiyokuwepo kuwa sawa na lebo tupu, hivyo hata tahadhari isiyotaja mji wowote huingia humo; na iwapo tawi hilo limetangulia katika faili bila kuwekewa continue: true (agizo la kuendelea kuangalia matawi yanayofuata), matawi ndugu yanayolifuata hayataiona kamwe. Dawa ni kuongeza mji!="" katika tawi hilohilo, kwa sababu tawi halipokei tahadhari mpaka masharti yake yote yatimie.

Wenye mafaili ya zamani yanayoandika masharti ya matawi kwa match na match_re wayahamishie kwenye neno jipya, matchers, kwani maneno hayo mawili yalitangazwa kuwa ya kuachwa tangu toleo la 0.22 la Alertmanager la mwaka 2021.

Ninawasihi wakuu wa kazi wasipokee badiliko lolote la faili hilo kabla ya fundi kuwaonyesha jibu la amri ya amtool config routes test, ambayo hupewa lebo za tahadhari ya kubuni na kutaja mpokeaji wake. Jaribio moja liwe na lebo ya mji, na jingine liikose.

Fundi wa seva,
Bukavu