Filamu ya Into the Woods imeondoa kilichoufanya mchezo upendwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze masikitiko niliyonayo tangu filamu ya Into the Woods ilipotoka mwezi wa Desemba 2014, masikitiko ambayo hayapungui kila ninapoitazama tena. Mchezo wenyewe wa jukwaani, ambao nyimbo zake zilitungwa na Stephen Sondheim na hadithi yake ikaandikwa na James Lapine, ulifunguliwa Broadway, jijini New York, mwezi wa Novemba 1987. Mwaka 1991 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha rekodi ya waigizaji wale wa mwanzo, na sisi tulio mbali na kumbi hizo tuliupenda mchezo huu kwa kupitia rekodi hiyo.

Hadithi inamhusu mwokaji mikate na mkewe, ambao hawapati mtoto kwa sababu ya laana ya ajuza mchawi, jirani yao. Ili laana iondoke, sharti wamletee ng'ombe mweupe kama maziwa, joho jekundu kama damu, nywele za manjano kama mahindi na kiatu safi kama dhahabu. Wanaingia msituni, wanakutana na wahusika wa ngano za kale, yaani Cinderella, Rapunzel aliyelelewa na mchawi huyo kama binti yake, Jack anayepanda mharagwe mrefu hadi kwa majitu huko juu, na msichana mwenye joho jekundu, na kufikia mwisho wa sehemu ya kwanza karibu kila mmoja amepata alichokitamani. Wote wanaimba kwamba sasa ni raha mustarehe, na wakati wanaimba, mharagwe mwingine unachomoza jukwaani pasipo hata mmoja wao kuuona. Baada ya hapo ni mapumziko, na mtu anayeutazama mchezo kwa mara ya kwanza anaweza kabisa kuchukua koti lake akaenda nyumbani.

Pazia linapofunguliwa tena, mtoto amezaliwa lakini mwokaji na mkewe wanagombana kwa kuwa nyumba haiwatoshi, Cinderella amechoshwa na maisha ya ikulu, na Jack anatamani kurudi kule juu kwa majitu. Hakuna adui aliyekwisha kuwafikia. Wamechoka wenyewe na kile kile walichokililia. Ndipo anapofika mke wa jitu aliyeuawa na Jack, akitaka kulipiza kisasi. Katika filamu, iliyoongozwa na Rob Marshall kwa ajili ya Disney, wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza hauimbwi, manung'uniko hayo hayapo, na ardhi inatetemeka sherehe ya harusi ikiwa bado inaendelea. Kwa hiyo mtazamaji anaona watu wema waliovamiwa na balaa, wakati mchezo ulituonyesha watu walioikaribisha balaa hiyo kwa tamaa zao na kwa uongo waliousema ili kuzitimiza.

Hasara ya pili ni msimulizi. Jukwaani ni mtu kamili anayesimama pembeni na kutueleza mambo, kama bibi anayetutolea ngano jioni, nasi tunaamini kwamba yeye hawezi kuguswa na lolote. Katikati ya sehemu ya pili, wahusika wanapotafuta mtu wa kumtoa kwa lile jitu, macho yao yanamgeukia yeye. Anawaonya kwamba bila yeye hawatajua hadithi itaishaje, lakini mchawi anamtupa kwa jitu, na kuanzia hapo hakuna tena anayewaongoza. Sijaona kitendo kingine cha jukwaani kinachobadilisha hewa ya ukumbi kwa ghafla namna ile. Katika filamu usimulizi umekabidhiwa sauti ya mwokaji. Naikubali mantiki yake, maana mwokaji ndiye anayemaliza kwa kumsimulia mwanawe hadithi hii, lakini hofu ya kuachwa bila msimulizi imepotea yote.

Rapunzel, anayekanyagwa na jitu jukwaani, katika filamu anapanda farasi na kuondoka na mwana mfalme wake, na hivyo maombolezo ya mchawi, ambayo Meryl Streep anayaimba vizuri sana, yanakuwa kilio cha mama aliyekimbiwa na binti aliye hai. Mwokaji naye, aliyefiwa na mkewe na kumwacha mtoto mchanga mikononi mwa wengine, jukwaani anaimba na baba yake wimbo wa No More, wimbo wa mwanamume aliyechoka kukimbia na ambaye sasa anaelewa kwa nini baba yake alikimbia kabla yake. Huo nao hauimbwi, na mahali pake kuna mazungumzo mafupi. Kwangu mimi hiki ndicho kisichosameheka, kwa sababu bila wimbo ule, kurudi kwa mwokaji kumlea mwanawe kunaonekana kuwa jambo jepesi.

Najua nitajibiwa kwamba Lapine mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu, na kwamba Sondheim aliibariki. Ni kweli, na mtunzi ana haki ya kuibadilisha kazi yake, lakini haki hiyo haimzuii mtazamaji kupima kilichopotea. Wala hoja ya kuwalinda watoto hainiridhishi, kwa sababu lipo toleo la wanafunzi wa shule linalokoma mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na toleo hilo ni kamili kwa kadiri yake. Filamu imeichukua sehemu ya pili pamoja na vifo vyake vingine, kisha ikakata nyimbo na matukio yaliyovipa vifo hivyo maana.

Siwalaumu waigizaji. Emily Blunt anastahili kila sifa kwa nafasi ya mke wa mwokaji, na wana wafalme wawili wakiimba kwenye maporomoko ya maji wananifurahisha hadi leo. Ninachoomba ni kwamba kurasa zako za burudani zinapoipendekeza filamu hii kwa wasomaji, ziitaje pia rekodi ya mwaka 1991, ili asiyewahi kuuona mchezo asidhani kwamba ameshauona.

Wako,
Mpenzi wa maigizo,
Mombasa