Programu haijifunzwi kwenye daftari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nipo mwaka wa kwanza wa diploma. Somo letu la kuandika programu linatumia lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 (wala si lugha mbaya), lakini nusu ya muhula tumeandika programu kwenye daftari. Mtihani nao kwa kalamu! Ukisahau nukta mkato, maksi zinakatwa, wakati kompyuta ingekwambia papo hapo kuna kosa, ukarekebisha, ukaendelea.

Mimi nilianza kuelewa siku nilipoazima laptopu ya kaka yangu nikajaribu Python, lugha nyingine ya kuandika programu. Niliandika range(1, 10), amri ya kutoa namba kwa mfuatano kuanzia 1, nikitegemea zifike 10. Zikaishia 9. Nilihangaika karibu saa nzima, ila sijakosea tena.

Walimu siwalaumu, kompyuta ni chache na sisi tumejaa. Basi vyuo vifungue maabara jioni na Jumamosi, tuingie kwa zamu. Na walau jaribio moja lifanyike kwenye kompyuta yenyewe.

Mwanafunzi,
Morogoro